Bidoni tano kati ya saba

Leo nimezigonga bidoni tano kati ya saba, mbele ya mke wangu.

Jumapili kuna mashindano ya kupitisha magari kati ya bidoni, madumu matupu ya plastiki, uwanjani Karuba. Kigari changu cha michezo kilikata kona polepole mno. Kwa hiyo nilimwagiza fundi aufupishe mkono unaogeuza magurudumu, ili nikizungusha usukani kidogo tu, kigeuke sana.

Aliufupisha vizuri.

Penye bidoni ya kwanza nikazungusha kama nilivyozoea miaka thelathini. Kigari kikaruka upande kama mbuzi aliyeshtuka, kikaikanyaga!

Nilimkaripia fundi.

“Papa, gari iko muzuri. Mikono yako njo inazidisha.”

Mimi, kuambiwa hivyo!

Mke wangu alijifunza kuendesha mwaka huu tu.

“Papa Aline, shuka, na miye nijaribu.”

Akageuza kwa vidole, taratibu. Akazipita zote saba. Hakugusa hata moja.

“Mama, unatushinda!” fundi akashangilia, bila haya.

Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Niambieni: fundi aurudishie mkono urefu wake wa zamani? Jibuni upesi, maana mke wangu yuko kwa katibu wa mashindano, analifuta jina langu aandike lake.