Mbwa Aliyeogopa Karai

Siku ya kwanza mbwa wangu alishindwa na karai. Halikuwa na moto wala mafuta. Lilikuwa karai tupu la jirani, limeegemezwa ukutani, halimfanyii mtu kitu. Alilitazama, akalia kwa pua, akageuka kurudi nyumbani mbio mpaka kamba ikanichubua vidole. Tulikuwa tumetembea hatua labda ishirini kutoka mlangoni. Nilimfuata nikicheka. Bibi, aliyekuwa barazani akipepeta mchele, hakucheka.

Bibi ni mama yake baba, na ndiye ninayeishi naye hapa karibu na Garsen. Huniita mke mwenzangu, ule utani wa bibi na mjukuu wa kike: marehemu babu ni mume wetu sote wawili, na mimi ndiye mke mdogo asiyejua kusonga ugali. Mtoto huyo wa mbwa alimleta yeye kutoka Ngao kwa kazi moja tu, kufukuza nyani. Shamba letu liko kando ya mto, na mahindi yakianza kutoa ndevu nyani hushuka kana kwamba wamepelekewa kadi ya harusi. Mbwa wetu wa zamani alikuwa amekufa kwa uzee. Sasa tulikuwa na huyu, anayeogopa vyombo.

"Mke mwenzangu," bibi aliniambia siku hiyo ya karai, "mahindi yako magotini. Yakitoa ndevu na huyu hajafika shambani kwa miguu yake, anaenda kwa baba yako mdogo, kule Idsowe."

Baba mdogo wa Idsowe hufunga mbwa wake kwa mnyororo mtini, asubuhi mpaka asubuhi. Nimewaona. Wana macho ya watu waliorudia darasa mara nne. Tena bibi alikataa hata kumpa huyu wetu jina. Alisema mbwa hupewa jina siku anayoanza kazi, kabla ya hapo ni mgeni anayekula.

Basi nikajiteua mwalimu. Kila nikitoka shule navua sare, natia vichwa vikavu vya kambare mfukoni, nashika kamba, tunatoka. Siku mbili za mwanzo nilimvuta. Mbwa mwoga ukimvuta anakaa chini, anakuwa mzito kama gunia la mchanga, na wapita njia wanakuangalia wewe vibaya, si yeye. Siku ya tatu nikachoka. Nikaketi chini pale pale alipogoma, mkabala na karai, nikatoa kitabu cha kemia. Nilisoma ukurasa mzima, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata darasani. Nilipoinua kichwa, mbwa alikuwa amenyoosha shingo, analinusa karai kwa mbali, mkia umekunjwa katikati ya miguu lakini pua iko kazini.

Nikajua dawa ni hiyo. Akigoma, naketi. Akitazama bila kukimbia, anapata kichwa cha kambare. Akiomba kwenda mbele, tunakwenda. Tulipita karai. Tukapita punda wa mitungi ya maji. Bodaboda zilituchukua siku nne, kwa sababu madereva walipogundua mbwa anaruka wakawa wanapiga honi makusudi, nami nikawa nawaita majina ambayo bibi hataki niyaandike.

Kisiagi ndicho kilichotutesa. Kile kinu kikianza kunguruma hata mimi nahisi meno yanalegea, sembuse mbwa. Wiki nzima tulikaa ng'ambo ya barabara, mimi na kemia, yeye na tumbo lake linalotetemeka. Siku moja msagaji akatoka, mweupe kwa unga mpaka kope, akaniuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Nikamwambia ndiyo, pamoja na huyu, na hatuna pa kulala. Aliniamini dakika nzima. Alipojua ni mzaha akacheka, akamwagia mbwa pumba chini. Mbwa akala. Kesho yake kinu kilipoanza kunguruma, yeye ndiye aliyenivuta mimi.

Kitu kingine nilichomfundisha ni mluzi. Nina pengo mbele, kumbukumbu ya ukuta wa shule, na mluzi wangu unafika mbali. Bibi husema msichana hapigi mluzi, kwa hiyo nilikuwa nasubiri tufike mbali na nyumbani. Ulikuwa mluzi mrefu unaopanda, kisha unashuka mara mbili. Mbwa akiusikia anakuja, anapewa kambare. Niliamini nimeutunga mwenyewe. Kumbe!

Ilibaki malka. Kwa asiyejua, malka ni njia pana iliyoachwa katikati ya mashamba ili ng'ombe wa wafugaji wafike mtoni kunywa. Hakuna anayelima humo, na hakuna ng'ombe anayetakiwa kutoka humo. Shamba letu liko upande wa pili, kwa hiyo kwenda kulima lazima uivuke. Mbwa alikuwa amefika ukingoni mara tatu. Mara zote alinusa vumbi na samadi, akanitazama kama aliyeonyeshwa karatasi ya mtihani wa hesabu, akakaa.

Jumamosi moja bibi alirudi kutoka shambani na unyuzi wa ndevu za mahindi kati ya vidole viwili. Akauweka mezani mbele yangu. Mchana huo huo tukatoka watatu, yeye na jembe begani, mimi, na mbwa asiye na jina.

Karai tulilipita. Kisiagi tulikipita huku mbwa akitafuta pumba. Tulipofika malka, ng'ombe wa kwanza walikuwa mtoni wanakunywa, na kundi kubwa la nyuma limezuiliwa juu kidogo lisubiri zamu. Aliyelizuia ni kijana wa Kiorma ninayesoma naye, anakaa dawati la nyuma yangu na kunakili kazi yangu ya Kiswahili. Bibi akavuka. Mimi nikamfungua mbwa kamba, kwa sababu alitakiwa aje kwa miguu yake, nikavuka pia. Mbwa akabaki ng'ambo, amekaa, anatetemeka.

Bibi alinitazama. Nikajua anaona mnyororo wa Idsowe. Sikufikiri mara mbili, nikaweka ulimi kwenye pengo nikapiga mluzi wangu.

Kundi zima likainua vichwa.

Mluzi wangu, ule niliojisifu kuutunga, ndio ambao wafugaji huwapigia ng'ombe kuwaambia zamu yenu, njooni mnywe. Nilikuwa nimeusikia jioni zote za maisha yangu nikiwa shambani, ukaniingia kinywani bila kubisha hodi. Sasa ng'ombe wenye kiu walikuwa wanakuja, tena si mtoni, ila kwangu mimi niliyewaita, na nyuma yangu kulikuwa na mahindi ya bibi yenye ndevu mpya. Ng'ombe wakiingia mahindini hapa kwetu haliishi kwa samahani. Linafika kwa wazee, na wazee hukaa siku nyingi.

Lakini na mbwa naye aliusikia. Kwake mluzi ni kambare. Nilimwona akisimama, akiangalia pembe zile zinazokuja, kisha akaja. Alikatiza mbele ya ng'ombe wote, masikio yamelala, akafika miguuni kwangu, akageuka. Akabweka. Hakuwahi kubweka tangu aje kwetu. Tulidhani hana hiyo sehemu. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mlango usiotiwa mafuta, lakini ng'ombe wa mbele alisimama, akashusha pua kutazama ni kitu gani. Mbwa hakurudi nyuma. Wale wengine wakagongana nyuma ya mwenzao.

Kijana wetu akafika mbio, akapita mbele na fimbo, akapiga mluzi ule ule kuwageuza kuelekea mtoni. Mbwa wangu, mwanafunzi bora, akamfuata yeye. Akafika anamrukia magoti, pua imelowa, anadai kambare wake. Kijana alikuwa anaruka huku na huku kuikwepa pua.

"Ita mbwa yako, wewe! Nimeshatawadha!"

Ningemwita na nini? Nikipiga mluzi narudisha ng'ombe. Ikabidi nikimbie nikambebe, huku kijana akiniuliza nani alinifundisha kuchunga, na kwamba Jumatatu darasa zima litaniita mchungaji. Nikamwambia anitafutie mshahara, na aanze kujiandikia insha zake mwenyewe. Tulicheka wote wawili.

Nilirudi kwa bibi nikiwa na mbwa mikononi, nikisubiri kusikia habari za wasichana wanaopiga mluzi. Alikuwa anakagua mstari wa kwanza wa mahindi, shina kwa shina. Hakuna lililovunjika.

"Mweke chini," alisema. "Amevuka mwenyewe, wambebea nini?"

Nikamweka chini. Bibi akamwita kwa jina. Sijui alikuwa amelihifadhi kwa muda gani, lakini lilitoka kama la siku nyingi, na mbwa akamfuata katikati ya mahindi akinusa kila shina kama mkaguzi.

Jioni nilichagua njia ndefu ya kurudi, ile ya sokoni, ili tuonekane. Mbwa alitangulia bila kamba, mkia juu. Bado aliruka honi ilipolia, lakini aliruka kwenda mbele. Tulipofika kwa jirani, karai lilikuwa pale pale ukutani. Akasimama mbele yake, akalinusa pande zote, kisha akainua mguu, akayumba kidogo, akalikojolea.

Jirani alitoka akipiga kelele kuhusu adabu za watoto wa siku hizi na wanyama wao. Nilimpa shikamoo, nikamwomba radhi kwa uso wa msibani, nikaliosha karai mara mbili kwa sabuni na mchanga. Sijawahi kuosha chombo kwa furaha kama ile.