Kusimama Kuangalia Ng'ombe

Petroli na ndizi mbivu ni harufu mbili zisizofaa kukaa pamoja, lakini katika pua yangu haziachani. Nikipita kituo cha mafuta na mama fulani ameketi hapo na beseni lake la ndizi, mara moja niko uani kwetu Karurumo, na Mutwiri wa Mitunguu anaingia na pikipiki yake kubwa ya Kiingereza, mkungu mzima umefungwa nyuma kwa mpira wa tairi.

Baba yangu, Nyaga, alikuwa fundi wa kushona. Alikuwa na kapikipiki ka Kijapani, kembamba kama mbuzi wa kiangazi, ka kupelekea shule sare alizoshona. Siku hizo, kabla ya lami, wenye pikipiki walikuwa wachache, nao walikuwa na sheria yao ambayo hakuna aliyeiandika: ukimkuta mwenzako amesimama kando ya njia, nawe unasimama. Na akikupungia mkono usimame, husemi una haraka. Hata aliyeingia kichakani kujisaidia alitoka akakuta mtu anamngoja, amuulize kama ni plagi ama ni tairi. Ndivyo baba na Mutwiri walivyojuana huko karibu na Kiritiri, ambako dada ya Mutwiri alikuwa ameolewa. Tangu hapo wakawa kama chanda na pete. Waliweza kumaliza mchana mzima wakibishana ni upande upi ulio uso wa mlima, wetu wa Embu au wao wa Meru. Baba aliuita Kirinyaga, Mutwiri akauita Kirimara, na kila mmoja alimhurumia mwenzake kwa kuzaliwa mgongoni.

Halafu malaria ikampata baba, na kwinini iliyomponya ikaondoka na sehemu kubwa ya masikio yake. Yeye alishikilia kwamba anasikia vizuri, ila sisi tumeanza kunong'ona. Siku moja lori lilimpigia honi kutoka nyuma, asilisikie mpaka lilipomfikia ubavuni. Aliingia mtaroni. Alirudi nyumbani goti limechubuka na sare za watoto wa watu zimejaa matope. Mama alizifua, akazianika, ndipo akageuka.

“Baba Wanja, ukianguka tena, hiyo kitu inauzwa. Mimi sitaki kuwa mjane juu ya pikipiki.”

Hilo alilisikia. Niliogopa sana, maana nilimjua baba. Alipokuwa juu ya ile pikipiki alikuwa mtu mwingine, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kufukuza ndege. Ikiuzwa, angebaki pale kwenye cherehani, akitazama midomo ya watu.

Likizo ya Agosti ilipofika, Mutwiri akatualika kwake Mitunguu. Mama alisimama naye mlangoni mwa jikoni kwa muda mrefu, kisha akakubali, kwa sharti kwamba mimi nibebwe na Mutwiri. Nilinuna. Nilitaka kwenda na baba, na tena kubebwa na pikipiki kubwa namna ile kulikuwa na faida gani kama ilikaa nyuma njia nzima? Maana ndivyo ilivyokuwa. Kutoka Runyenjes, baba alitangulia akiimba, na sisi tukafuata, tukila vumbi lake. Lilikuwa jekundu, likaingia hadi kwenye meno.

“Mpite baba!” nilimpigia kelele mgongoni.

“Tulia, kairitu,” akasema Mutwiri. Ndivyo Wameru wanavyomwita msichana mdogo. “Nitampita kukiwa na kitu ya kuona.”

Na kweli, tulipokuwa tukiteremka kuelekea mto mmoja kwenye kona zile mbaya, nikasikia lori la mbao likinguruma nyuma yetu. Mutwiri hakulipisha. Alikaa katikati ya barabara, dereva akipiga honi na kumtukana, hata mimi nikaona haya kwa ajili yake. Kisha ghafla akakaza mwendo, akamfikia baba, akapunga mkono na kuonyesha ng'ambo ya bonde.

“Nyaga! Simama uone!”

Baba akasimama kando. Ng'ambo ya bonde mlima ulikuwa umefunguka, theluji yake nyeupe juu ya msitu. Lori likapita. Hakuna aliyelitazama.

“Kirinyaga,” baba akasema.

“Kirimara,” akasema Mutwiri.

Tulisimama mara nyingi siku hiyo. Tulisimama kutazama mto, kisha mashamba ya chai yaliyolala kama blanketi lililotandikwa vizuri. Mara moja tulisimama mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote, ila ng'ombe mmoja na ua wa michongoma.

“Ni nini hapa?” baba akauliza.

“Ona hiyo ng'ombe vile imesimama,” akasema Mutwiri, uso mkavu kabisa, huku basi likitupita na kutumwagia changarawe.

Baba alimtazama ng'ombe, akamtazama rafiki yake, akatikisa kichwa. Usiku huo, ndani ya migomba ya Mitunguu, aliniambia kwamba Wameru ni watu wazuri lakini wanapenda mno kutazama vitu.

Tuliporudi nyumbani nilimpa mama habari kwa fahari: baba alimshinda Mutwiri njia yote, kwenda na kurudi. Mama alicheka hadi akapangusa macho kwa leso. Pikipiki haikuuzwa.

Nilikuwa mwanamke mzima, nikiendesha gari langu nyuma ya baiskeli ya mwanangu siku yake ya kwanza ya kwenda sokoni peke yake, huku matatu zikinipigia honi na mimi nikigoma kuzipisha, nilipoielewa ile safari. Nililia hapo kwenye usukani.

Mutwiri alipofariki nilimpeleka baba kwenye mazishi. Masikio yake yalikuwa yamefunga kabisa. Nje ya boma nilishindwa kujizuia, na kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, siri ile ya miaka yote niliipigia kelele sikioni mwake hadi waombolezaji wakageuka: kwamba Mutwiri hakuwa akimwonyesha milima, alikuwa akimkinga na malori.

“Najua, mama,” akasema. Aliniita hivyo daima, kwa kuwa nina jina la mama yake. “Kila tukisimama, lori linapita. Mimi nilipoteza masikio, si macho.”

“Na hukumwambia?”

Aliangalia watu wakirudi kutoka kaburini.

“Ningemwambia, yeye angeona haya, na mimi pia,” akasema. “Tungebaki tukiangaliana sisi wawili, na nchi yote hiyo iko hapo.”