Foleni ya Shikamoo

Juzi nilimfuata mjukuu wangu kwenye kituo cha watoto wadogo hapa Lushoto, kile ambacho wazazi na walezi tunakiendesha wenyewe bila faida. Mara akaingia afisa wa ukaguzi. Mama msimamizi akachungulia jikoni: kuni mbichi, uji haujachemka, na uji wa saa nne ni sharti la kibali.

"Watoto, msalimieni mgeni! Mmoja mmoja."

Wakapanga foleni, vichwa vimeinama.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Shikamoo."

"Marahaba."

Afisa ni mzaliwa wa milima hii. Hawezi kuiacha shikamoo ya mtoto ikianguka chini. Kalamu ikabaki mfukoni. Mwishowe akamkazia macho binti mwenye sweta nyekundu.

"Wewe si umeshanisalimia?"

"Ndiyo. Mwalimu kasema uji haujaiva, tuzunguke tena."

Msimamizi akatazama dari. Bahati nzuri vikombe vikaingia vinafuka moshi. Afisa akacheka, akapokea chake, akatia sahihi.

Kumsubirisha vile hakukunisikitisha hata kidogo. Ofisini kwake niliwahi kuambiwa "subiri kidogo" tangu asubuhi hadi adhuhuri, na uji sikupewa.