Chebet Aliposikia Nikimwita

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ilinyesha mvua ya mawe, ile inayopiga chai mpaka majani yanabaki matundu matundu. Sisi watu wa huku Boito tukiona mawe tunalilia chai kwanza. Mimi pia nililia chai kwanza. Nakwambia mapema ili ujue unaongea na mama wa aina gani.

Ilikuwa miaka ya tisini, na mimi bado kijana. Mume wangu alifanya kazi kwenye mashamba ya ngano pande za Mulot, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Tulibaki mimi, mama mkwe wangu, na binti yangu Chebet wa darasa la tatu. Chakula, sabuni na sare vilitoka kwenye chai, na chai yote ya kijiji ilipita mikononi mwa mtu mmoja, karani wa kituo cha majani. Ukifika na gunia anamwaga majani mezani, anapekua kwa vidole. Akiona majani mawili na chipukizi, anapima. Akisema ni magumu, unarudi nayo nyumbani, na majani ya chai hayangoji. Kesho yake yamekuwa mekundu, hayana kazi tena. Kwa hiyo sote tulimchekea karani. Mimi nilimchekea kuliko wote.

Karani alikuwa na binti darasa la saba, mkubwa wa mwili. Jioni moja tukimenya viazi, Chebet akaniambia, "Mama, ule msichana wa karani ananifungia kwa choo. Anashika mlango, wengine wanacheka mpaka kengele ilie."

Unajua nilifanya nini? Sikumuuliza ni mara ngapi. Sikumuuliza kama huko ndani ni giza. Nilitazama mlangoni kwanza, jirani asije akasikia. Kisha nikasema, "Nyamaza na hiyo maneno. Unajua baba yake ni nani? Vumilia tu. Mvumilivu hula mbivu." Nikamwongezea na mwenye nguvu mpishe, kana kwamba methali moja haikutosha kumziba mdomo. Akasema, "Sawa, Mama," akaendelea kumenya. Nami nikajiona mama mwenye busara.

Hakulalamika tena. Ila kila akitoka shule alikuwa akitupa mkoba uani na kukimbia moja kwa moja chooni, hata salamu hakuna. Nilimtania, "Kwani shule yenu haina choo?" Nilicheka, mwanangu. Mama mkwe alikuwa pale akichambua maharagwe, naye hakucheka. Asubuhi nyingine nilikuta godoro limelowa, nikamgombeza mbele ya nyanya yake.

Basi siku hiyo ya mawe, watoto wa jirani walipita barabarani mbio, vitabu wameficha chini ya sweta. Nikawauliza Chebet yuko wapi. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Chebet hajakuja shule tangu Jumatatu." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kila asubuhi nilikuwa nimemfungia chakula chake na kumwona kwa macho yangu akishuka njia ya shule.

Nilidhani naujua woga kwa sababu ya karani. Sikuwa nimeujua. Nilikimbilia mtoni, kwa sababu mto ulikuwa umefurika, maji ya udongo yakivuta matawi na takataka, nikatafuta sweta ya bluu ndani ya yale maji huku nikimwomba Mungu nisiione. Sikuiona. Nikapanda kwenye mashamba ya chai nikiita. Unaijua chai ilivyo, juu imekatwa sawasawa kama meza, na chini yake mtoto anaweza kuketi siku nzima usimwone. "Chebet! Chebet we! Toka!" Niliita mpaka sauti ikakwama, na hakuna aliyeitika. Nikaanza kufikiria maneno nitakayomwambia baba yake.

Mama mkwe alinifuata, gunia kichwani, fimbo mkononi. Akanishika mkono, akaniambia ninyamaze. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu aliye jikoni, "Chebet, ni kogo. Hakuna mtu atakurudisha huko." Kogo ndivyo wajukuu wetu humwita nyanya.

Mistari mitano kutoka pale niliposimama, chai ikatikisika. Akatoka kwa magoti, midomo ya kijivu, mawe ya mvua bado kwenye nywele. Alinipita, akaenda kwa kogo. Nilipomuuliza mbona hakuitika, akasema, "Nilifikiria unaniita unirudishe shule."

Alikuwa amenisikia mara zote, mwanangu. Ile mvua yote, baridi yote, aliona ni afadhali kuliko mimi.

Jikoni Chebet alimweleza kogo yote. Mama mkwe alimpaka mafuta miguuni karibu na moto, akasema bila kuniangalia, "Huyu mtoto alikuja kwako kwanza. Hata wewe ukamfungia mlango. Sasa unauliza mbona hakuitika?" Nilichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Kesho yake nilimshika Chebet mkono tukaenda shule. Nisikudanganye, nilitetemeka njia nzima, na pale langoni nilitaka kurudi. Mwalimu mkuu alinisikiliza, kisha akauliza, "Mama Chebet, hii maneno imeendelea tangu lini?" Mimi mzazi sikujua. Ilibidi mtoto ajibu mwenyewe kwamba ni tangu muhula uliopita. Binti wa karani akaitwa, akakana, kisha akalia. Baba yake akaitwa pia. Kuanzia siku hiyo mwalimu mmoja wa kike akawa anasimama karibu na vyoo wakati wa mapumziko.

Jioni nilipeleka kituoni majani machache yaliyonusurika mawe. Karani akayamwaga mezani, hata hakuyapekua. "Hii majani ni ngumu. Rudi nayo." Wanawake wenzangu wakaangalia miguu yao. Nikabeba gunia langu nikiwaza kwamba tumekwisha. Siku iliyofuata nikaenda na majani mengine. Akayapima bila kunitazama usoni, na ikawa basi.

Majani ya siku moja, mwanangu. Hicho tu ndicho kilichonifanya nimnyamazishe mtoto wangu.

Chebet alirudi kucheza na kucheka, lakini kwa miaka mingi hakuniambia jambo la moyoni. Alimwambia kogo. Hata alipovunja ungo, mimi nilisikia kutoka kwa mama mkwe, nikajifanya nilikuwa najua.

Kwa hiyo wewe unayelea leo, sikia. Mtoto akikuletea neno, weka chini ulichoshika. Usianze na "wewe ulimfanya nini," wala usimtume akapigane, wala usiende kumchapa mtoto wa watu. Msikilize mpaka mwisho, hata kama ana maneno mengi na viazi vinaungua. Kisha vaa viatu uende shuleni ukaseme. Ukitetemeka, nenda hivyo hivyo unavyotetemeka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mtoto ni mgumu kubomoa, mimi nimeujaribu. Na siku ukiambiwa kwamba mwanao ndiye anayeumiza wenzake, usimfiche nyuma ya kanga yako. Huyo naye anaangamia. Ukiwa na woga, mwogope yule mtoto anayekujibu "sawa" halafu hasemi kitu tena.

Mungu awalinde watoto wako njiani na darasani. Akupe masikio kabla hajakupa maneno. Na wakitishwa na dunia, mwanangu, wewe uwe ndiye wanayemkimbilia.