Viti Vitatu vya Ziada Gnewentin

Basi lilikuwa limeshapita vituo vitatu bila kusimama, na Reinhild Lüders alikuwa amebaki abiria peke yake, akilizuia sanduku lake kwa mguu lisiteleze kila penye kona. Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa Aprili. Mashamba yalikuwa ya manjano pande zote mbili, kisha ghafla, nyuma ya miti iliyopandwa kwa mstari, likatokea kasri la Gnewentin, kubwa kuliko alivyolifikiria, na plasta imebambuka ukuta wa upande wa mvua.

Alikuwa anatoka Rostock, ambako kwa miaka tisa alikaa mapokezi ya jumba la makumbusho akichana tiketi. Sasa ndiye mtunzaji mpya wa kasri hili. Barua ya ofisi iliyomwajiri, iliyokuwa mfukoni mwake, ilisema wazi: akague kila kitu pamoja na mtunzaji anayestaafu, Bwana Dumröse, atie sahihi kwenye daftari la mali, na kuanzia sahihi hiyo kitakachokosekana kitakuwa juu yake.

Kituoni alisubiriwa na bibi mfupi aliyevaa aproni.

"Wewe ndiye wa kasri," alisema bibi, wala hakuwa anauliza. "Mimi Lieselott Brüssow. Chumba chako kiko juu. Viatu unavua mlangoni."

"Asante, Bibi Brüssow."

"Asante ngoja kwanza, binti yangu. Ukishampa Dumröse mkono, hesabu vidole vyako."

"Kwani ni mwizi?"

"Nimesema mwizi mimi? Nimesema hesabu."

Mezani, juu ya viazi na samaki wa siki, aliendelea. Miaka thelathini na moja mwanamume anakaa peke yake na vijiko vya fedha vya watu, na bado anaendesha baiskeli ileile. "Sasa jiulize, anaficha wapi?"

"Labda hana cha kuficha."

"Ndivyo anavyotaka udhani," alisema Bibi Brüssow, akamwongezea kiazi.

Eckart Dumröse alikuwa mrefu, mkavu, na koti la kazi la buluu lililofuliwa hadi likawa rangi ya maji. Jumamosi kulikuwa na wageni kumi na sita. Kila mmoja alipewa sapatu kubwa za sufu avae juu ya viatu vyake asichubue sakafu ya mbao, na wakaburuta miguu kutoka chumba hadi chumba kama watu wanaojifunza kutembea upya. Reinhild aliona kwamba mzee hawatazami wageni usoni. Aliwatazama miguu.

"Anayetaka kugusa kitu huinua kisigino kwanza," alimweleza. "Halafu ndiyo mkono."

Aliona pia kwamba jicho la mzee, likishachoka na miguu ya wageni, lilikuwa linahamia kwenye miguu yake yeye.

Wageni walipoondoka, wakaanza kukagua. Daftari lilikuwa na kurasa za mashine ya chapa za mwaka sabini na tatu, na nyuma yake kurasa zilizoandikwa kwa penseli na Dumröse mwenyewe. Kioo chenye fremu ya dhahabu. Vinara viwili. Kigoda. Saa isiyo na mshale. Vitu arobaini na kitu, na kila kimoja, kwenye safu ya maelezo, kilikuwa na neno moja tu: Kilikuwapo.

"Kilikuwapo wapi?" Reinhild aliuliza, kidole kikiwa juu ya kile kioo.

"Hapa."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Mbona hakimo kwenye orodha ya sabini na tatu?"

"Sabini na tatu hakikuwapo."

Alimtazama kuona kama anamfanyia mzaha. Mzee alikuwa anachonga penseli kwa kisu, polepole, maganda yakianguka kwenye kiganja.

Katika chumba cha kulia chakula daftari lilisema viti kumi na kimoja. Reinhild akahesabu kumi na vinne. Akahesabu tena kuanzia upande wa dirisha. Bado kumi na vinne. Juu ya meza lilikuwa bakuli la supu la kaure, tumbo kubwa, maua ya buluu, na penye orodha limeandikwa "bila kifuniko." Hilo angalau lilikuwa sawa.

"Vimezidi vitatu, Bwana Dumröse."

"Naona."

"Na hivi hukuviandika popote."

"Hivi sikuviandika," alikubali, na kwa mara ya kwanza akawa kama mtu aliyekanyagwa mguu.

Awe usingizini au macho, Reinhild alijua kinachotangulia wizi wa makumbusho. Rostock alikwisha kuliona: kwanza kinaingia cha bandia, vinakaa vyote viwili miezi michache mpaka watu wazoee, kisha cha kweli kinatoka bila mtu kuona pengo. Anayepunguza huanza kwa kuzidisha. Na yeye ndiye angetia sahihi. Alikuwa na miezi sita ya majaribio na chumba chake cha Rostock hakumwachia mtu yeyote ambaye angemrudishia.

"Jumatatu nitaipigia simu ofisi," alisema.

"Piga mchana. Jumatatu tumefunga. Asubuhi tunakunywa kahawa."

Jumatatu saa nne Dumröse alikuwa ameandaa meza kwenye chumba chenye jiko la vigae la kuotea moto, ghorofani, juu ya ua wa jikoni. Kahawa, keki ya matufaha, vikombe viwili. Kiti cha Reinhild alikiweka mgongo ukielekea dirishani, na alipotaka kukigeuza, mzee alikishika.

"Hapa kuna upepo mdogo," alisema. Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Nilipita chini," Reinhild alisema. "Mlango wa jikoni haukufungwa kwa ufunguo."

"Jumatatu haufungwi."

"Nani anaingia?"

"Sijui."

"Miaka thelathini na moja hujui?"

"Nimejitahidi sana nisijue. Kula keki."

Ndipo zikasikika hatua kwenye changarawe, za mtu anayetembea kwa uangalifu. Mzee akaacha kutafuna. Reinhild akafikiri: huyo ndiye mnunuzi, amekuja kuchukua, na mimi nimeketishwa hapa kama mtoto na kipande cha keki. Akasimama.

"Keti, Bi Lüders. Nakuomba."

Alikuwa ameshageukia dirishani.

Chini, mbele ya mlango wa jikoni, alisimama Bibi Brüssow katika koti lake la kanisani, kikapu mkononi. Alikuwa ameshaondoa kitambaa, na kwenye viganja vyake kilikuwa kifuniko cha kaure chenye maua ya buluu. Alikishika kama mtu anavyoshika ndege. Kisha, kwa sababu isiyojulikana, akainua macho.

Walitazamana muda mrefu kidogo. Bibi Brüssow akakirudisha kifuniko kikapuni, akakifunika vizuri, pembe zote nne za kitambaa, akatoka kupitia getini. Hakukimbia. Mgongo wake ulikuwa umenyooka.

Dumröse hakupiga kelele. Alikusanya makombo ya keki kwa ncha ya kidole.

"Kifuniko," alisema mwishowe. "Ni kifuniko, siyo?"

"Ndiyo."

"Nilijua kiko kijijini. Sikujua kwa nani."

Akamweleza kwa maneno machache, kama mtu anayesoma orodha. Mwaka arobaini na tano, vita vilipokuwa vinaisha, wenye kasri walikimbia na mikokoteni miwili. Wiki mbili milango ilikuwa wazi. Kila mtu alichukua alichowahi. Mwenye kukosa kitanda alibeba kitanda, mwenye baridi alibeba mlango auchome. Mama yake Lieselott Brüssow, inaonekana, aliwahi kifuniko. Kisha watu wakakaa wakichunguliana madirisha ya wenzao, na kila nyumba ikajua jirani ni mwizi. Yeye alipoanza kazi, Jumatatu moja alisahau kufunga jikoni. Jumanne akakuta kigoda.

"Ningefanya nini? Ningeuliza, kingekuwa cha kwanza na cha mwisho. Nikaandika kilikuwapo. Si uongo, kilikuwapo. Na Jumatatu iliyofuata nikasahau tena."

"Ungeniambia Ijumaa."

"Ijumaa ningekwambia, Jumamosi ungeniuliza majina."

Reinhild hakukanusha. Angeuliza. Hata sasa alikuwa anayatafuta majina kichwani, akikumbuka kila uso aliokutana nao njiani.

"Na vile viti vitatu?"

Mzee alitazama mikono yake. "Baba yangu alikuwa na nguvu. Alibeba vitatu mara moja. Nimevikalia tangu utotoni. Wiki iliyopita nimevipitisha mlango uleule, asubuhi ileile, kama wengine. Ila kujiandikia mwenyewe neno lile nimeshindwa. Penseli haiendi."

Hakukuwa na ushahidi. Hadithi hiyo mtu yeyote mwenye miaka thelathini na moja ya kuitunga angeitunga nzuri kuliko hiyo. Reinhild alishuka chumba cha kulia peke yake, akaviinua viti vile kimoja kimoja, akavipindua. Viwili vilikuwa vimetiwa gundi miguuni, kazi ya mtu wa nyumbani. Cha tatu, chini ya ubao wa kukalia, kilikuwa na alama za meno ya mtoto, au ya mbwa. Hakuweza kuamua. Alikaa nalo jambo hilo mpaka kahawa ghorofani ikapoa. Kisha akaenda penye daftari na kuandika: Viti vitatu. Vilikuwapo. Chini yake akatia sahihi, na wino wake ulikuwa wa kalamu, haufutiki.

Ofisini hakupiga.

Basi la alasiri lilimkuta Dumröse kituoni na sanduku moja. Alikuwa anahamia kwa dada yake, upande wa Greifswald. Bibi Brüssow alivuka barabara kuja kumuaga, aproni imerudi mwilini.

"Umebeba nini humo, Dumröse?"

"Soksi."

"Zako?"

"Nyingi ni zangu."

"Haya. Safiri salama, mzee wee." Akamgeukia Reinhild. Tangu Ijumaa alikuwa akimwita binti yangu. "Chakula cha jioni ni saa kumi na mbili, Bi Lüders. Ukipenda."

Dumröse alimkabidhi Reinhild funguo, zote kwenye pete moja. Reinhild akamsogelea mpaka mlango wa basi na kuuliza kwa sauti ya chini, "Atarudi nacho?"

"Mimi nilikaa na viti vyangu miaka thelathini na moja, na funguo nilikuwa nazo," alisema, akapanda.

Basi likaondoka na kupotea nyuma ya miti. Wanawake wawili walibaki kituoni, hatua mbili kati yao, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumpa mwenzake kisogo.