Muungwana wa Nuevo París

Kule Nuevo París, mtaa wa magharibi mwa Montevideo, hakuna aliyemwita Líber Olazábal mchezaji mkubwa, na hakuna aliyesema ameshindwa. Walimwita muungwana. Jina hilo lilimfuata nchi hadi nchi kama mbwa asiye na mwenyewe, naye hakuwahi kulifukuza wala kulilisha.

Lilitokana na desturi ambayo kila mtoto wa huko anaijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ukiifunga timu uliyowahi kuichezea, hushangilii. Unainua viganja, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi, kisha unarudi katikati ya uwanja kimya. Sasa Líber alikuwa amezichezea timu nyingi mno. Alianzia Curtidores, klabu ya watengeneza ngozi wa mtaani kwake, akauzwa Paraguay, akaazimwa Bolivia, akapita Ekuado na Peru, akarudi Bolivia, akarudi Paraguay kwa wapinzani wa wale wa kwanza. Kila alikofika alivishwa skafu na kupigwa picha akiibusu nembo ya jezi. Wachezaji wenzake walimtania kwamba bara zima zimebaki timu mbili tu anazoruhusiwa kuzifunga kwa furaha, na moja imeshafilisika.

Kombe la Libertadores, lile la klabu bingwa za Amerika Kusini, alilicheza msimu mmoja tu, akiwa Oruro, kule juu Bolivia ambako hewa ni nyembamba na mpira huruka kama umefukuzwa. Siku moja aliwafunga Wabrazili. Uwanja ulitikisika, wenzake wakamrukia na kumlalia mgongoni, na chini ya lundo lile la miili Líber akajikuta anawaza soksi alizozianika kwenye dirisha la nyumba ya wageni. Mvua ikinyesha zitalowa. Hakuwa na wazo jingine. Alilala pale akiisubiri furaha, akadhani imecheleweshwa na ile hewa. Msimu uliofuata alihamia Machala, Ekuado, karibu na bahari, hewa tele na migomba kila upande. Haikuja huko pia.

Tangu siku hiyo desturi ikawa maficho yake. Akifunga na kusimama kama nguzo, watu walisema tazama heshima hiyo. Mara moja, huko Paraguay, alijisahau akasimama vilevile baada ya kuifunga timu ambayo hakuwahi hata kulala kwenye mji wake. Mtangazaji akamwuliza ni lini aliichezea. Líber akajibu kwamba ni zamani, utotoni. Kesho yake redio nzima ilizungumza juu ya mtu mwenye kumbukumbu ndefu namna hiyo.

Alirudi nyumbani katika umri ambao straika huanza kuitwa babu. Estrella del Norte, timu ya ng'ambo ya jiji iliyokuwa daraja la pili, ilimchukua kwa msimu mmoja. Alikaa na dada yake Nélida katika nyumba waliyozaliwa, mitaa miwili kutoka uwanja wa Curtidores, ambako Nélida aliendesha mkahawa wa klabu. Kila asubuhi alivuka jiji kwa basi kwenda mazoezini, na jioni alirudi kunusa harufu ileile ya ngozi mbichi inayopanda kutoka mtoni. Ratiba nayo ikafanya mzaha wake. Siku ya mwisho ya msimu, Estrella walikuwa wageni wa Curtidores. Estrella wakishinda wanaingia mtoano wa kupanda daraja. Curtidores wakipoteza wanashuka ligi ya ridhaa, huko ambako klabu nyingi za mitaani zimeingia na taa zao hazikuwaka tena.

Wiki ile Nélida hakuzungumza naye juu ya mpira. Alimzungumzia bei ya nyama, na manyoya ya mbegu za miti ya barabarani ambayo kila masika huwapeperukia watu machoni na kuwatoa kamasi. Wateja wake mkahawani walizungumza kwa niaba yake. Mmoja alimwambia Líber, akiwa amesimama naye kwenye foleni ya mkate, kwamba mtu wa umri wake magoti humwuma sana majira haya. Mwingine alimwambia kuwa hata mvua inatabirika kwa goti. Huko Estrella nako vijana hawakumwacha.

"Babu, ukifunga Jumamosi utalala wapi?"

"Kwenye benchi. Nimelizoea," alisema Líber, nao wakacheka, na yeye akafanya uso wake ucheke.

Ijumaa jioni Nélida aliichemsha birika, akakijaza kibuyu majani ya yerba mate, ile chai chungu ya kwao, akanywa cha kwanza kama ilivyo ada ya mwenye nyumba, kisha akampa ndugu yake. Alisubiri mpaka mrija wa chuma uliponguruma kikavu.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi sijawahi kukuomba kitu."

"Uliniomba nikurudishie blanketi."

"Sitaki mzaha. Mwambie kocha goti limevimba. Nani atakuuliza? Kaa jukwaani na mimi. Tushuke au tusishuke, isiwe kwa mguu wako."

Líber alikizungusha kibuyu mikononi. Angeweza kumwambia habari ya mkataba, au ya heshima ya kazi, maneno ambayo wachezaji huyasema mbele ya vipaza sauti. Dada yake angeyaelewa na kuyachukia. Lakini alikuwa amechoka kusema maneno ya watu wengine.

"Nataka nicheze nione kama itauma," alisema.

"Nini kitauma?"

"Chochote, Nélida. Tangu Oruro sijasikia kitu. Nafunga, nakosa, tunapanda, tunashuka, ni kama natazama kupitia dirisha la basi. Kama kuna uwanja mmoja duniani wa kunigusa, ni huu. Nikiwafunga hawa na nisisikie kitu, basi naacha. Sirudi uwanjani tena."

Dada yake alimwuliza kama amekwenda kwa daktari, naye akasema alikwenda, akapewa vidonge vya usingizi, akalala vizuri. Nélida akakichukua kibuyu, akamimina maji, akanywa zamu yake. Hakumwomba tena. Alisema tu kwamba mtaa mzima ni kitu kikubwa sana cha kukitumia kama kipimo cha homa.

Jumamosi wenzake walikuja na basi lenye askari wawili. Yeye alikwenda kwa miguu, begi begani, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kufika uwanja ulio mitaa miwili tu kutoka nyumbani. Watu walikuwa wametoa viti nje. Waliomjua tangu akivaa kaptula waligeuza nyuso kutazama milango yao wenyewe. Mzee Ruperto, aliyekuwa akichora mistari ya uwanja kwa chokaa tangu enzi za baba yake Líber, alikuwa langoni na mikono yake myeupe. Huyu hakugeuza uso.

"Leo unaingilia mlango wa wageni," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Unaujua ulipo?"

"Najua."

"Hujawahi kuupita."

Mechi yenyewe ilikuwa mbaya, mechi ya watu wenye hofu. Curtidores walihitaji sare tu, wakajazana nyuma wote, wakaupiga mpira popote ulipotaka kwenda, na mara mbili ulitua kwenye paa za majirani ukarudishwa na akina mama. Mashabiki wa kwao walimwimbia Líber nyimbo. Walimwita msaliti, wakamwita mzee wa kukodishwa, wakamshauri akabusu nembo ya kampuni ya mazishi. Aliyasikia yote vizuri sana, kama anavyosikia mtu taarifa ya habari ya nchi nyingine. Alikuwa akijichungulia. Kila mpira ulipomjia alijiuliza, sasa? Na hapakuwa na jibu.

Zilibaki dakika chache. Krosi ikatoka kulia, beki akaugusa mpira kwa kichwa, ukagonga mwamba, ukaanguka miguuni pake. Kipa alikuwa chini, upande mwingine. Haukuhitaji ufundi. Aliusukuma kwa upande wa ndani wa mguu, taratibu, kama mtu anayesogeza kiti, nao ukavuka mstari wa chokaa wa Mzee Ruperto ukatulia wavuni.

Uwanja ukanyamaza. Ulisikika wimbo wa tangazo la sabuni kutoka kwenye redio ya mtu.

Líber alisimama pale pale. Hakuinua hata viganja. Alijingoja. Ukijigonga kidole cha mguu kwenye ukingo wa kitanda, kuna kile kitambo kidogo kati ya kugonga na maumivu, unajua yanakuja, umeshakunja uso kuyapokea. Alisimama ndani ya kitambo hicho. Wenzake walimfikia, wakamvuta shingo, wakampiga makofi kichwani, wakaona hatingishiki wakamwacha kwa heshima na kwenda kushangilia kwenye kibendera cha kona. Refa aliitazama saa yake akamwacha naye. Manyoya ya miti yalikuwa yanaelea juu ya nyasi. Líber akangoja, na hakuna kilichokuja.

Ndipo mtu mmoja jukwaani akapiga makofi. Mmoja, pole pole. Kisha wa pili. Kisha safu nzima ya nyuma ya goli, walewale wa nyimbo, wakasimama wakampigia makofi huku nyuso zao zimelowa. Timu yao ilikuwa inashuka mbele ya macho yao, na huyu aliyeishusha alikuwa amesimama mbele ya goli kama mtu aliye msibani kwake. Waliona mtu aliyevunjika. Waliona mtoto wao.

Kipenga cha mwisho kilipolia, chumba cha Estrella kilikuwa kelele tupu na maji ya kurushiana. Líber akamsogelea kocha akamwambia kwamba hii ilikuwa mechi yake ya mwisho, mtoano wasimhesabu. Kocha akamshika mabega yote mawili. Alimwambia anaelewa, moyo wa mtu si chuma, achukue siku kadhaa, alie, kisha arudi. Líber alirudia kwamba anaacha. Kocha akasema hivyo ndivyo angesema mtu yeyote mwenye utu, akaenda kukumbatiana na wengine.

Ufunguo wa nyumba ulikuwa kwa Nélida, kwa hiyo alipitia mkahawani. Alisita mlangoni. Ndani watu walikuwa wamekaa kimya juu ya mikate ya kukaanga ambayo hakuna aliyeigusa. Walipomwona walisimama. Hakuna aliyesema neno baya. Walimpisha njia kama wanavyopishwa wafiwa, na mikono ikamgusa mgongoni alipokuwa anapita.

Nélida alikuwa nyuma ya kaunta. Alimtazama usoni kwa mtazamo mmoja wa haraka, wa kuuliza, na Líber akatikisa kichwa kwamba hapana. Dada yake akageuka kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

Mzee Ruperto alimkalisha kwenye meza ya pembeni. Chokaa ilikuwa imemkaukia kwenye mikunjo ya vidole.

"Nimewaona wengi," alisema. "Wanainua mikono, wanapiga ishara ya msalaba, halafu usiku unasikia wamecheza ngoma. Wewe hukufanya hata hayo. Ulijizuia vipi, mwanangu? Niambie. Furaha ya kufunga na majonzi ya kuwashusha watu wa kwenu, vyote pamoja, ulivizuia vipi?"

Líber alitazama zile nyuso zilizokuwa zinajifanya hazisikilizi. Akashusha sauti.

"Sikujizuia, mzee. Hapakuwa na cha kuzuia."

"Una maana gani?"

"Sikusikia kitu. Si furaha, si majonzi. Nilikuwa nasubiri nisikie, ndiyo maana nilisimama."

Mzee Ruperto hakukasirika, wala hakufanya kama amesikia vibaya. Alimtazama Líber kama alivyozoea kuutazama uwanja baada ya mvua, akikadiria wapi pataweza kukanyagika na wapi hapatakanyagika.

"Hata kidogo?" aliuliza.

"Hata kidogo."

"Kwa muda gani hivyo?"

"Miaka."

Mzee akapangusa vidole kwenye suruali, kimoja kimoja, na chokaa ikabaki ilipokuwa.

"Basi usimwambie mtu," alisema. "Mimi umeniambia, inatosha. Hawa wamepoteza klabu leo. Hilo la kusimama kwako ndilo wanalokwenda nalo nyumbani. Usiwanyang'anye."

"Ni uongo, mzee."

"Hukuwadanganya wewe. Wamejichotea wenyewe. Waachie."

Akili ya Líber iliona kwamba ni haki, na moyo wake haukusema lolote, kama kawaida. Alinyanyuka kwenda kuchukua ufunguo. Njiani mama mmoja alimzuia, mama yake kipa, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye asubuhi ile alimgeuzia uso. Alimshika Líber mashavu kwa mikono yote miwili. "Mwanangu," alisema, "umetulilia vizuri." Kisha akaegemea kifua chake akalia kwa nguvu, mbele ya watu wote, mabega yakimtikisika.

Líber alikuwa ameona watu wanavyofanya. Aliuweka mkono wake mgongoni mwa yule mama, juu kidogo, katikati ya mabega, akauacha hapo, akaangalia usilegee wala usibane, mpaka mama alipomaliza.