Maandishi ya Penseli kwenye Kiwanja Namba 31

Veneranda Kokushubira alijifunza Kiswidi kwa vitabu vya bustani. Darasani, kwenye masomo ya wahamiaji, alikuwa akisinzia, kwa sababu alifika pale moja kwa moja kutoka kupiga deki uwanja wa ndege wa Arlanda. Lakini kitabu kilichoeleza namna ya kupanda vitunguu saumu mwezi wa Oktoba ili vilale chini ya theluji mpaka Aprili kilimtoa usingizi kabisa. Kwao Muleba hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba mmea unaweza kuwekewa miadi ya miezi sita. Binti yake Jennifer alimcheka. Mama, alisema kwa Kiswidi, unajua magonjwa yote ya kabichi, lakini kwa daktari wa meno huwezi kusema jino gani linauma.

Baada ya kusubiri foleni kwa miaka sita alipata kiwanja cha kukodi, kile ambacho Waswidi wanakiita *kolonilott*: kipande cha ardhi cha kulima mboga na maua, chenye kibanda kidogo cha vifaa, katikati ya vipande vingine vya namna hiyo, vyote chini ya chama kimoja. Kilikuwa namba 31, vituo viwili kwa treni kutoka kwake Märsta. Mwaka wa kwanza ulimwonyesha kilichokosekana vitabuni. Maharage ya kona ya chini yaliuawa na baridi usiku mmoja wa Juni. Mboji yake ilinuka hadi jirani wa juu akapeleka malalamiko kwa mwenyekiti, mama mmoja mstaafu aitwaye Gunilla. Veneranda aliyameza yote mawili na hakumwambia mtu.

Mwaka wa pili akaja Kipchumba. Alikuwa Mkenya wa miaka thelathini na kitu, mhandisi wa kompyuta kwenye ofisi moja ya Kista, na alipewa namba 32, ubavuni kwa Veneranda. Alimwamkia vizuri, akamwita mama, akamwambia amefurahi kupata jirani wa kuongea naye Kiswahili. Kisha akaanza kuuliza. Alisubiri foleni muda gani? Kiwanja chake kina mita ngapi? Aliyekuwa hapo kabla yake alikuwa nani? Veneranda alijibu kwa ufupi. Kazini alikuwa amesikia habari za mwanamke aliyenyang'anywa kiwanja baada ya jirani kumripoti mara tatu, na jirani huyo huyo ndiye aliyekichukua akakiunganisha na chake.

Siku ya usafi wa pamoja, mwezi wa Aprili, chama kilifungua stoo ya chini ya nyumba ya mikutano. Humo mlikuwa na maboksi mawili ya vitabu vya zamani: kitabu kinene cha mboga za nchi za baridi, kingine cha mboji na udongo, na kikubwa cha tufaha, kila aina imechorwa kwa rangi na mkono wa mtu, tufaha moja zima na moja lililokatwa katikati mbegu zionekane. Gunilla alisema vitabu hivyo viliwahi kusifika nchi nzima, kwamba hakukuwa na nyumba yenye bustani isiyokuwa na kimojawapo. Kipchumba ndiye aliyebeba maboksi, na ndiye aliyevipanga kwenye rafu.

Wiki mbili baadaye Veneranda aliazima kile cha mboga. Alikuwa kwenye treni alipofika ukurasa wa maharage. Pembeni, kwa penseli, kwa herufi ndogo zilizonyooka, kulikuwa na maneno ya Kiswahili: *Usipande kabla ya katikati ya Juni. Kona ya chini baridi inalala.*

Aliyasoma mara tatu. Akafunga kitabu, akatazama abiria wenzake kama vile mmoja wao angekuwa ameandika. Kona ya chini ilikuwa yake. Maharage yalikuwa yake. Na katika chama kile chote Kiswahili kilijulikana na watu wawili.

Kitabu cha mboji alikichukua makusudi, siyo kwa kukihitaji. Alikuta: *Madumu mawili ya maji kwa wiki yanatosha. Ukizidisha itanuka na wa juu atalalamika.* Jambo la malalamiko hakuwa amemsimulia hata Jennifer. Basi huyu kijana amelipata wapi, kama si kwa kukaa na Gunilla na kumchimba? Kumbe hata mzaha alikuwa anaufanyia kitabuni, mahali anapojua kabisa kwamba Veneranda atapita.

Akaanza kumfuatilia. Aliuacha mkokoteni wake ukielekea kibandani, ili akirudi aone kama umeguswa. Alihesabu mabua ya vitunguu. Jumamosi moja aliwahi kutoka kazini, akaingia kibandani kwake bila kumwamkia mtu, akakaa juu ya mfuko wa mbolea kwa karibu saa mbili nzima akichungulia kwenye ufa wa mbao. Kipchumba alimwagilia viazi vyake. Alikula ndizi. Kisha akaja hadi kwenye uzio, akatoa simu, akapiga picha maharage ya Veneranda, picha nne au tano, akainama akapiga na mashina yake. Akaondoka akiandika kwenye simu.

Kitabu cha tatu, kile cha tufaha, ndicho kilichommaliza. Chini ya mchoro wa tufaha jekundu lenye mistari, penseli ile ile iliandika: *Wanatuangalia. Funga geti hata ukiwa ndani.*

Jennifer alipoonyeshwa aliuliza swali moja tu: mama ana uhakika gani kwamba ni yeye? Veneranda akamjibu kwamba mtoto aliyezaliwa Sweden hawezi kuelewa mambo ya watu wazima wa Afrika Mashariki. Usiku wa siku hiyo hiyo alikaa mezani na kamusi, akaandika barua kwa uongozi. Aliandika kwamba mpangaji wa namba 32 anaharibu vitabu vya chama, anapeleleza kiwanja chake na anamtisha kwa maandishi. Barua ilikuwa na Kiswidi safi kuliko chochote alichowahi kuandika, na hilo, baadaye, ndilo lililomuuma zaidi.

Uongozi uliwaita wote wawili kwenye nyumba ya mikutano, jioni ya mwanzo wa Julai, jua likiwa bado juu. Kipchumba alikuja na mkewe Beverly, ambaye alikaa karibu na mlango na mkoba mapajani. Gunilla alisoma barua kwa sauti. Vitabu vitatu vilikuwa mezani, vimefunuliwa pale penye maandishi. Wanakamati wanne walimtazama Kipchumba, na Veneranda akaona mmoja wao akivuta mkoba wake karibu na mguu. Aliliona hilo, na hakusema kitu.

Kipchumba alivisoma vitabu kimoja kimoja, taratibu. Aliwaambia kwa Kiswidi kwamba picha alizipiga kweli. Alimtumia mama yake huko Iten, ampe maoni namna mama huyu wa jirani alivyoyasimamisha maharage. Kisha akageuka akamwambia Veneranda kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti.

"Mama, mimi tangu nimalize shule ya upili sijaandika Kiswahili kwa mkono. Na tazama hapa. Dumu. Kwetu hatusemi dumu, tunasema mtungi. Hilo neno ni lenu."

Veneranda aliangalia neno lile. Alikuwa amelipita mara ngapi? Ni kweli, lilikuwa neno la kwao, la bomba la maji la kwao, na ndiyo maana halikuwahi kumsimamisha.

Gunilla aliuliza kijana amesema nini. Alipotafsiriwa alienda kwenye kabati la ukutani akarudi na daftari refu lenye jalada la kitambaa. Lilikuwa daftari la zamani la kuazima vitabu. Alipekua hadi akafika mahali, akaweka kidole. Vitabu vyote vitatu viliazimwa kati ya mwaka 1984 na 1986 na mtu mmoja: Z. Kaijage, kiwanja namba 31.

Hakuna aliyekuwa akimwangalia Veneranda alipoyasoma tena maandishi yale. Mtu yule hakuwa akimsema yeye. Alikuwa akijisemea mwenyewe, miaka arobaini iliyopita, juu ya kona ile ile, baridi ile ile na jirani wa juu wa enzi zake. Kaijage lilikuwa jina la kwao kabisa. Alipoinua uso, Kipchumba na Beverly walikuwa wameshatoka.

Badala ya kuwafuata alianza kumtafuta Kaijage. Ilikuwa rahisi zaidi. Baada ya ibada moja ya Kiswahili mjini mtu alimwelekeza: Zephania Kaijage, fundi wa mashine mstaafu, mjane, yuko Fisksätra. Akapanda basi hadi Henriksdal, kisha treni ndogo, na kitabu cha tufaha kwenye mfuko.

Mlango ulifunguliwa kiasi cha mnyororo. Jicho moja lilimwangalia yeye, kisha mfuko, kisha ngazi nyuma yake. Veneranda alimwamkia kwa Kihaya, lugha ya kwao wote wawili. Mnyororo haukutoka.

"Nani kakutuma?" mzee aliuliza. "Chama?"

Akamweleza kwamba hakutumwa, kwamba yeye ndiye aliye na namba 31 sasa. Mzee akauliza jina la baba yake, parokia yake, alikuja Sweden mwaka gani na kwa njia gani. Aliuliza kwa nini mtu asafiri mji mzima kwa ajili ya penseli. Ni pale Veneranda alipokipitisha kitabu kwenye ule uwazi, kikakwama, ndipo mzee akalazimika kufungua ili kukipokea.

Ndani alikalishwa jikoni, bila chai. Zephania alifunua kitabu akakaa nacho muda mrefu. Alikuja mwaka 1981 kama mwanafunzi wa ufundi, alisema, akaoa hapa, akapata kiwanja. Vitabu hivi vilikuwa mwalimu wake. Hakuwa na wa kumuuliza, kwa hiyo aliyajibu maswali yake mwenyewe pembeni. Kisha kiangazi cha 1986 vifaa vilianza kupotea kwenye vibanda: misumeno, mashine ya kukatia nyasi. Walikuja watu watatu, wakaomba kuona kibanda chake. Chake tu. Walitoa kila kitu nje, wakakiweka kwenye nyasi, majirani wakiangalia wakiwa wameshika makopo ya kumwagilia. Hawakupata kitu, wakaondoka, na kesho yake waliendelea kumsalimia. Mwezi uliofuata alitumbukiza ufunguo kwenye sanduku la barua la chama, basi.

"Na wewe uliyaonaje haya maandishi?" aliuliza. "Ulifikiri ni nani?"

Veneranda alimwambia ukweli. Alimweleza habari za ufa wa kibandani, barua, meza, vitabu vilivyofunuliwa, Beverly karibu na mlango. Kadiri alivyosimulia ndivyo uso wa mzee ulivyojifunga, hadi ukawa kama mlango ule alioukuta.

"Huyo Mkenya umemwomba radhi?"

"Bado."

"Basi umekuja kwa mtu asiyehusika," alisema Zephania, akamrudishia kitabu.

Kwenye treni ya kurudi Veneranda alijisikia kama aliyepigwa kofi mbele za watu. Alitafuta hoja ya kujitetea. Alijiambia kwamba yeye ni mwanamke peke yake, kwamba mtu yeyote angeshtuka. Ila kila alipofika kwenye mkoba ule uliovutwa karibu na mguu, hoja ziliisha.

Alimkuta Kipchumba Jumapili, anachimba viazi. Alisimama nje ya kiwanja chake, hakuingia. Alimwambia kwamba alimsingizia, kwamba hakuwa na ushahidi ila hofu yake, na kwamba aliwafanya watu wamtazame vile na akakaa kimya. Kipchumba aliendelea kuchimba mpaka mwisho wa tuta.

"Nimekusikia, mama," alisema. Baadaye kidogo akaongeza: "Beverly hataki kuja tena. Hilo siwezi kukusaidia."

Kwenye mkutano mkuu wa vuli Veneranda aliomba nafasi. Alisimama mbele ya watu hamsini, akasema kwa Kiswidi kwamba barua yake ya Juni ilikuwa ya uongo, ijapokuwa alipoiandika aliiamini, na akataka iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu za chama. Gunilla alisema si lazima kufika huko, mambo yamekwisha. Veneranda akabaki amesimama hadi katibu alipoandika na kumsomea alichoandika.

Mwaka uliofuata Kipchumba aliomba kubadilishiwa kiwanja, akapewa upande wa barabarani. Namba 32 ilichukuliwa na mume na mke wastaafu wanaopanda maua tu. Siku moja moja Veneranda na Kipchumba hukutana kwenye bomba la maji. Kijana humwamkia bado, na bado humwita mama, lakini maswali hamuulizi tena, na Veneranda, aliyekuwa akiyachukia maswali yale, huondoka pale na ndoo zake akitamani aulizwe hata juu ya viazi.

Jambo moja lilibaki. Gunilla alipekua kumbukumbu za 1986 akakuta mstari mmoja: kibanda namba 31 kimekaguliwa, hakuna kilichopatikana. Aliona aibu. Alisema uongozi ungependa kumwandikia bwana Kaijage barua ya kuomba radhi, akaomba anwani yake.

Veneranda alimpigia simu Zephania kumuuliza kama aitoe. Siku hizi huzungumza mara moja kwa mwezi. Mzee hutaka kujua udongo wa kona ya chini ukoje, ingawa kuja kuutazama amekataa mara tatu. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza ni nani hasa anayeitaka hiyo anwani, ataiandika wapi, na barua itasainiwa na mtu au na chama.

Veneranda alisema hajui.

"Waambie nimehama," alisema Zephania, kisha akauliza kama mwaka huu baridi imewahi.